Samaki wa Bwawa la Juu

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza sura ya sumu za mtoni. Kiwanda cha kemikali za sabuni humwaga zebaki, vidudu huila, samaki wadogo hula vidudu, wakubwa hula wadogo. Sumu haitoki mwilini, inarundikana tu. Mwisho wa safari ni kinywa cha Bibi, anayefyonza kichwa cha samaki kila jioni. Mikono yake imeanza kutetemeka, chai inaishia kwenye kisahani. Nyumba nzima wanasema ni uzee. Nyumba nzima hawajafungua kitabu!

Jumanne, 4 Machi

Nimemhutubia Bibi. Nilianza vizuri, kisha sauti ikakwama. Akauliza, mjukuu wangu, koo linakuuma? Akanimegea shavu la samaki. Mjomba, mkaanga samaki wa sokoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Sumu gani hiyo, alisema, inayomwacha mama yangu anaimba mpaka leo? Sasa naitwa Daktari wa Samaki. Na mtu ambaye elimu yake inaishia kwenye karai la mafuta!

Jumatano, 5 Machi

Maabara ya shule ina taa moja ya spiriti na mifupa ya chura. Mwalimu wa kemia kaniambia nikanawe, nanuka samaki. Msaada mkubwa! Mashine ya kupima zebaki iko kiwandani tu. Mpumbavu angeingia na samaki wa mtoni na kusema huyu kavuliwa hapa kwenu. Mimi nitasema katoka bwawa la juu, ambako maji bado ni safi, hayajafika kiwandani. Hawatakuwa na sababu ya kuficha kitu. Akili hiyo!

Ijumaa, 7 Machi

Mkemia wa kiwanda kanipokea kwa soda. Samaki wa wapi, kijana? Bwawa la juu, nikasema, macho kwenye viatu. Akauliza tena, nikaapa. Majibu: zebaki tele! Akasema samaki yule hafai hata kwa paka. Alikuwa na furaha ya ajabu. Nikadhani anaipenda sayansi.

Jumamosi, 8 Machi

Gari la kiwanda limezunguka mitaani na kipaza sauti. Wananchi, samaki wa bwawa la juu wana sumu, kuleni wa hapa mtoni! Wakamshukuru mwanafunzi mmoja mzalendo. Foleni ya Mjomba imefika mpaka kwa fundi viatu. Daktari wangu, ananiita, umeniokoa! Nilipanda juu ya ndoo niseme ukweli. Sauti ikakwama. Wakanipigia makofi, wajinga wale.

Mjomba kampelekea Bibi vichwa viwili, zawadi. Bibi alivimaliza vyote, kisha akaniomba nimshikie kikombe anywe.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Kosa ni la mkemia kupayuka, na la umma kusikiliza magari. Mpango wenyewe haukuwa na dosari, ulihitaji kugeuzwa tu. Kesho nikitoka shule nitavua samaki safi bwawa la juu, nimpelekee mkemia, niape kwamba nimemtoa hapa hapa, chini ya bomba la kiwanda. Akishampima, atangaze. Hapo mambo yote yatakaa sawa, na Bibi atapona.

Mjomba atajua nani msomi katika ukoo huu. Na nina hakika safari hii mkemia atafurahi zaidi kuniona.