Nukta Moja ya Njano

Jumatatu, 3 Juni
Kazi mpya haina nota! Mtunzi kaitoa kwenye mchoro usio na mtu, nyumba wala mti. Rangi tupu, kama mtu kajikwaa kwenye ndoo. Nakala yake, kubwa kama shuka, imetundikwa mbele yetu. Kiongozi wa orkestra anapitisha fimbo toka kushoto kwenda kulia. Ikigusa rangi yako, unapiga. Bluu ni fidla. Kijani ni filimbi, yaani Madoido, jamaa anayejipamba kama bwana harusi kila siku ya Mungu. Njano ni mimi na kichuma changu cha pembetatu. Nimeitafuta njano yangu. Muziki wa dakika ishirini na mbili, nukta moja!

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Mke wangu kamwalika mama yake onyesho la Ijumaa. Miaka saba namwambia mama mkwe kwamba bila mimi orkestra haiendi. Miaka saba anashuku sina kazi. Nimemwomba mke wangu aseme kuna mtu anaumwa kichwa. Kaniuliza kichwa cha nani.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwendea mtunzi kwa adabu zote. Nimemweleza kwamba njano ni rangi ya furaha, na watu siku hizi wana huzuni. Kasema nukta ile moja ndiyo roho ya mchoro. Nikasema roho mbili si mbaya. Kaenda zake. Madoido alisikia kila kitu. Mazoezini akaniuliza kama nimechoka, nipumzike. Mshenzi!

Ijumaa, 7 Juni
Mchana. Wenzangu wameenda kula. Mimi juu ya kiti, na kalamu ya wino wa njano. Nukta tatu nono, kwenye bluu ya mwishoni, ambapo fidla zinapiga kwa sauti ya chini na nitasikika vizuri. Hakuna aliyeniona. Nimevaa shati jipya.

Jumamosi, 8 Juni
Njano juu ya bluu! Hata mtoto wa chekechea anajua inageuka nini. Jana chini ya taa nukta zangu zilikuwa kijani kama mchicha. Nikanyanyua kichuma, nikavuta pumzi, fimbo ikagusa, Madoido akapuliza. Mara tatu! Tena kwa madaha. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Mtunzi akamkumbatia huku analia. Mimi mkono juu, kama naomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mlangoni mama mkwe akanishika mkono. Akasema muziki wenyewe hajaelewa kitu, ila ile "ti" yangu moja ilimwamsha. Akasema, kumbe kweli una kazi, mwanangu. Nusura nilie.

Jumapili, 9 Juni
Nimelala hadi saa nne. Chai, mkate, mke wangu anaimba jikoni. Kusema kweli nina raha. Nimeapa sigusi tena mchoro wa mtu.

Saa saba, simu ya mama mkwe. Jumamosi tukirudia onyesho anakuja na dada zake wanne. Kawaambia mkwewe ndiye nguzo. Nguzo!

Nimefikiri. Kosa langu lilikuwa bluu tu. Katikati ya mchoro pana sehemu nyeupe, kubwa, safi, ambapo orkestra nzima inanyamaza dakika nzima na mtunzi anafumba macho. Nyeupe haigeuki kijani. Nimepima kwa macho: zinaenea nukta kumi.