Wendell wa Opp Apiga Simu

Jumatatu, 25 Novemba
Siku tano kabla ya mechi ya futiboli ya Kimarekani na mahasimu wetu, Chuo cha Belfort. Miaka sita mfululizo wanatufunga. Sita! Na Jumapili chama chetu cha mashabiki wa Chuo cha Dunaway kinachagua mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi. Thurman Sizemore, makamu wangu, daktari wa meno, anakitolea macho kiti changu. Tukifungwa tena, kwisha habari yangu.

Mchawi wetu ni mmoja: kocha wao, Hollis Pruett. Mechi inawaka moto, yeye anatafuna karanga za kuchemsha. Huwa anawaza nini? Nataka sana kujua. Ili tumshinde tu, si kwa lingine.

Jumanne, 26 Novemba
Mpango! Kila Jumanne jioni Pruett huongea redioni kutoka mkahawa wa kambare, na mashabiki wake humpigia simu. Nimepiga. Nimejiita Wendell wa Opp, mji wa mashabiki wao, nikabana pua. Nikamshauri kwa heshima zote: wakikaribia mstari wa goli, mpira apewe namba 71, lile bonge la mbele ambalo maisha yake yote limezuia watu tu, mpira halijawahi kuushika. Sumu tupu!

Nilidhani atacheka. Wapi! Akauliza kwa nini huyo. Nikababaika, nikasema hakuna atakayemtarajia. Akasema ni kweli, hakuwahi kuliwaza hilo. Akanishukuru, kisha akamuulizia mama yangu. Nikajikuta namweleza habari za nyonga yake! Mke wangu Ouida kauliza nilikuwa naongea na nani kwa adabu namna ile.

Alhamisi, 28 Novemba
Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mkavu. Nimeshinda nikitazama mechi za zamani za Belfort. Utafiti. Mchezaji akiharibu, kocha wetu hutupa kofia chini. Pruett huenda kuketi kando yake kwenye benchi. Anamwambia nini? Nimerudisha picha mara kumi na moja nikisoma midomo. Ouida kasema yeye sijamtazama hivyo tangu tuoane.

Jumamosi, 30 Novemba
Tunaongoza kwa pointi nne. Sekunde tisa zimebaki. Wako yadi mbili tu kutoka mstarini. Wakampa 71!

Vijana wetu wote walimkimbilia mwingine. Bonge likaingia peke yake, taratibu, kama shemasi anayekwenda kukusanya sadaka. Mwaka wa saba! Nimelia uwanjani bila haya. Lakini humu hasomi mtu: ilipendeza. Potelea mbali, yule mzee anaijua kazi yake. Kwa nini hakuzaliwa kwetu?

Jumapili, 1 Desemba
Mkutanoni Thurman alinipokea kwa sauti kuu: "Karibu, Wendell! Nyonga ya mama haijambo?"

Nikamuuliza yeye redio ya adui aliisikilizia nini. Akasema anampeleleza Pruett, kila Jumanne, mwaka wa nne sasa. Bi Eula, mweka hazina, akasema na yeye pia, akiwa anakanda unga. Mchungaji akakohoa, akainua mkono. Tulipohesabu, wanachama thelathini na wanne, wasikilizaji thelathini na mmoja! Kila mmoja akasema mzee yule ana maneno mazuri, laana imshukie.

Kisha wakapiga kura. Walionikataa, thelathini na mmoja. Kiti kachukua Thurman.

Jumanne, 3 Desemba
Nimewasha redio. Kusikiliza tu.

Pruett akasema ana neno kwa Wendell wa Opp. Akasema alijua tangu mwanzo kuwa mimi ni mtu wa Dunaway, maana watu wake humsifu tu, hawamshauri la maana. Akasema, "Wewe bwana hunipendi, lakini unanitazama vizuri." Nimefurahi mno. Aibu gani hii! Kufurahishwa na Pruett!

Basi nikapata wazo. Nikapiga hapo hapo. Nimemshauri kwamba mwakani yule kijana wao mwembamba wa kupiga mpira kwa mguu ndiye awe mrushaji mkuu wa mpira. Mkono wake hauwezi hata kurusha ufunguo! Safari hii hachomoki.

Kaniambia nisubiri kidogo, anatafuta kalamu.