Jibu Linalokonyeza

Jumatatu, 3 Machi

Mtihani wa sheria umebakiza siku kumi na mbili. Nimeshaanguka mara mbili: ya kwanza nilipungukiwa alama tisa, ya pili kumi na nne. Uzoefu unaongezeka.

Leo ofisi imetangaza nafasi mbili za afisa sheria kwa watumishi wa mahakama watakaofaulu safari hii. Miaka kumi na saba nimekuwa karani wa masjala. Nimebeba mafaili ya kesi za watu mpaka bega la kushoto limeshuka. Nafasi moja ni yangu, haina mjadala.

Kumbe mpigachapa wetu naye kajiandikisha! Mimi humwita Bi Koma, kwa kuwa kila barua yangu huirudisha na koma zimezungushiwa wino mwekundu. Kaniambia ni mara yake ya kwanza na anaogopa. Nimemwambia kwa upole asivunjike moyo akianguka, huzoeleka.

Jumanne, 4 Machi

Ugunduzi mkubwa! Maswali yote ni ya kuchagua, majibu manne, moja tu sahihi. Nimechukua karatasi ya mwaka juzi na rula, nikapima urefu wa kila jibu. Jibu refu kuliko yote lilikuwa sahihi mara thelathini na nane katika maswali mia. Thelathini na nane! Na watu wanahangaika kusoma vitabu.

Nimemwonyesha mke wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Akaniuliza, na yale mengine sitini na mawili je? Nimemjibu hiyo ni hesabu, hii ni sheria. Akarudi kusahihisha madaftari yake. Wivu wa taaluma.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekwenda mimi na Bi Koma kwa hakimu mstaafu, anayefundisha watahiniwa katika chumba nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Kiti changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Chake kilikuwa kizima. Nimeliona hilo.

Somo lilihusu majibu mabaya yanayovutia. Mzee alisema jibu baya halivai matambara. Linachana nywele, linajipulizia manukato, halafu linakukonyeza. Kuna linalotaja sheria ya kweli kabisa, lakini linajibu swali ambalo hukuulizwa. Kuna linalofika kwenye uamuzi sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Na kuna linaloongeza jambo ambalo halimo kwenye kisa, nawe unalimeza kwa kuwa ulitamani liwemo.

Bi Koma aliandika kurasa tatu. Mimi nimeandika mstari mmoja: jibu linalovutia ni baya. Mwenye akili hupewa kidogo, hujaza mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe yupo kwetu wiki ya pili sasa. Amefanyiwa upasuaji wa jicho, bandeji bado ipo, na haruhusiwi kuangalia televisheni. Kwa hiyo ananisikiliza mimi. Hajasoma hata ukurasa mmoja wa sheria maishani mwake.

Nimemsomea swali. Tawi la mti wa jirani linaning'inia kwenye uwanja wako. Unalikata, unachanja kuni, unaziuza. Kuni zilikuwa mali ya nani? Nikamwambia kwa kujiamini: zako, kwa sababu unaruhusiwa kukata tawi lililovuka mpaka. Ndivyo lilivyosema jibu B, na tena lilikuwa refu.

Akaniuliza, "Mwanangu, wameuliza kukata au wameuliza kuni?"

Nikamwambia ni mambo yale yale.

"Si yale yale. Kukata umekata, sawa. Lakini mti si wako. Kuni za mwenyewe."

Nimefungua majibu ukurasa wa nyuma. D. Za mwenye mti.

Nimemsomea maswali mengine tisa nikitarajia bahati yake iishe. Kapata saba. Kila mara anauliza kitu kile kile, wamekuuliza nini? Inachosha. Mke wangu alicheka mpaka akakalia kitanda cha mama yake. Nimehamia barazani na rula yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Jaribio kwa hakimu mstaafu. Maswali arobaini.

Nilitumia mbinu mpya: nasoma majibu yote manne, nalitafuta linalonivutia, nalikimbia. Swali la tatu nililijua vizuri kabisa, lilihusu shahidi aliyemsikia mwingine akisimulia. Jibu A likanivuta sana. Nikashtuka, nikalifuta, nikachagua C.

Nimepata kumi na moja. Bi Koma thelathini na mbili.

Mzee aliniita pembeni. Aliona nilivyofuta. Akasema majibu niliyoyachagua kwanza, kabla ya kufuta, yalikuwa sahihi ishirini na sita. Akaniuliza kwa nini nafuta. Nikamweleza kwamba yalikuwa yananivutia. Akavua miwani, akajishika paji la uso.

"Mwanangu," akasema, "jibu sahihi nalo huvutia. Ndiyo maana ni sahihi."

Nafikiri umri umeanza kumlemea.

Nyumbani mke wangu amepiga hesabu. Anasema mtu akichagua huku amefumba macho, hupata kama kumi. Kwa hiyo mbinu yangu imenipa moja la ziada. Nimemshukuru. Baadaye nikahisi hakuwa akinisifu.

Jumatano, 12 Machi

Bi Koma kaitwa ofisini kwa hakimu wetu saa nne asubuhi kuchapa hukumu. Daftari lake lilibaki mezani. Mimi si mwizi. Nilikuwa natafuta mashine ya kubana karatasi.

Ukurasa wa kwanza: soma swali kabla ya majibu. Ukurasa wa pili: jiulize wameuliza nini, jibu kichwani, ndipo uangalie walichokuletea. Wa tatu: usiongeze kitu kwenye kisa. Nilifunua daftari zima nikitafuta siri yenyewe. Hakuna! Hata jedwali la urefu wa majibu hakuna.

Akaingia. Nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili. Nikasema natafuta mashine ya kubana. Akaitazama, ilikuwa karibu na kiwiko changu.

Nilitegemea makelele. Badala yake akalichukua daftari, akatoa nakala za kurasa zote, akazibana vizuri, akaniwekea mezani. Akasema angefurahi tukifaulu wote wawili, maana hataki kukaa chumba kimoja na mgeni.

Mtu anampa mpinzani wake silaha bure? Nimeutambua mtego. Nimezichanachana zote na kuzitupa.

Jumamosi, 15 Machi

Mtihani! Ukumbi mkubwa, meza za mtu mmoja mmoja, msimamizi mwenye viatu vinavyolia. Karatasi ya asubuhi maswali hamsini, ya mchana hamsini.

Asubuhi mambo yalikwenda kama maji. Rula, mtego, kimbia. Nilimaliza kabla ya wote, nikatembeza macho ukumbini. Bi Koma alikuwa bado swali la thelathini. Nilimhurumia.

Mapumziko, balaa. Nikakalia miwani yangu! Kioo kimoja kikawa unga, kingine kikatoka kizima kwenye fremu. Msimamizi akasema hana la kunisaidia, muda ni ule ule.

Mchana wote nilishika kioo kwa mkono wa kushoto kama mtengeneza saa, kalamu mkono wa kulia. Rula haikuwa na mkono wa kuishika. Niliona mstari mmoja tu kwa wakati: kwanza kisa, kisha swali, halafu jibu moja, halafu jingine. Kupima, hakuna. Kurudi kufuta, muda hakuna. Nilikuwa najibu tu nilichoulizwa, kama mtu wa kawaida. Aibu.

Nimerudi nyumbani kichwa kinagonga. Nimemwambia mke wangu asubuhi imenibeba, mchana umenizamisha. Mama mkwe amenishika mkono. Nilikaribia kulia, nikasingizia jicho.

Ijumaa, 11 Aprili

NIMEFAULU!

Sitini na moja. Kiwango ni sitini. Masjala nzima ilipiga makofi, hata mlinzi wa mlango wa nyuma. Mke wangu kanikumbatia mbele ya watoto. Mama mkwe, bandeji ameshatoa, ameitaka karatasi aisome mwenyewe kwa macho yake yote mawili.

Ndiye aliyeona. Asubuhi ishirini. Mchana arobaini na moja.

Mke wangu akanitazama. Nikamwambia ni wazi kabisa: wasahihishaji wameibadilisha karatasi yangu ya asubuhi na ya mtu mwingine.

Halafu habari nyingine. Bi Koma kapata sabini na nane. Tunapewa nafasi zote mbili, lakini mwenye alama nyingi ndiye mkuu wa chumba. Atakuwa anapitia barua zangu. Na koma zake!

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekata rufaa. Wakinirudishia alama zangu za asubuhi, arobaini na kitu, nampita Bi Koma, nakalia kiti cha mkuu.

Hakimu mstaafu alinipigia simu akinisihi niache. Bi Koma alinifuata mpaka mlangoni, akasema kama ni suala la mkuu wa chumba, niwe mimi, yeye hajali. Mke wangu alinipa koti tu, na hakunitazama.

Fomu ni ya ukurasa mmoja. Chini kabisa, kwa herufi nzito, imeandikwa: "Mkata rufaa atahesabiwa hajafaulu mpaka rufaa iamuliwe." Uamuzi huchukua miezi sita. Nafasi zetu zinajazwa Ijumaa hii.

Nimeisoma mara mbili. Fupi, imenyooka, kila mtu anaielewa: inanikonyeza. Miaka yote hii ya mitihani, mimi wa kunaswa na sentensi kama hiyo?

Nimetia saini.