Landrova la Baba Kuelekea Nanenane

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kikao cha Chama cha Magari ya Kale Bariadi. Upuuzi mtupu! Luhende, makamu wangu, kasimama na kusema chama kinazeeka, eti mwanachama kijana kuliko wote ana meno ya bandia. Akapendekeza kwamba atakayevuta vijana wengi kwa mtandao hadi Jumamosi ndiye awe mwenyekiti. Wakapiga makofi! Wazee wale wale niliowafundisha kufungua WhatsApp.

Mwenyekiti ndiye anayeongoza msafara wa magari siku ya wakulima, Nanenane, pale Nyakabindi. Kila mwaka ni mimi, na Landrova la marehemu baba. Pijo la Luhende likitangulia mbele ya Landrova la baba, nahamia Maswa.

Jumanne, 15 Julai
Luhende kaposti picha ya Pijo lake limeoshwa. Kaandika: karibuni vijana. Waliopenda: mke wake, na mke wake tena kwa namba nyingine. Nimecheka hadi nikakohoa.

Mimi nitaweka video. Landrova linakimbia, vumbi linatimka. Tatizo moja tu. Haliwaki tangu masika. Anayejua ni mke wangu Blandina, na fundi, ambaye kanishauri niliuze kama chuma chakavu. Nimemfukuza uani kwangu. Mdomo wake ndio chakavu!

Jumatano, 16 Julai
Nimepata njia. Shemeji Nyamizi, mdogo wake Blandina, ana maksai wawili wa kulimia, Diwani na Mtendaji. Watalivuta Landrova kwa kamba ndefu, mimi nashika usukani, video inaonyesha gari peke yake. Shemeji kaniuliza kwani gari ni bovu? Nikamjibu kwa ukali kwamba haya ni mambo ya sanaa. Kasema sawa shemeji, ila nisiwafokee ng'ombe wake, hawajazoea kutukanwa.

Alhamisi, 17 Julai
Sitaki kuona mtu! Niliegesha simu juu ya kichuguu, nikabonyeza. Nikadhani bado najaribu. Kumbe niko laivu! Bariadi nzima imeniona nikifunga kamba, nikimwita Diwani mvivu, nikimwambia Shemeji kwamba vijana wa siku hizi hawana akili, ukiwaonyesha gurudumu linazunguka wanaamini. Kisha Mtendaji kasimama kukojoa. Nikapiga honi, kitu pekee kinachofanya kazi. Ng'ombe wakatoka mbio na Landrova, nami ndani, wakaangusha kichanja cha pamba ya jirani.

Luhende kapiga simu kunipa pole. Pole! Nilisikia kabisa anavyojibana asicheke.

Jumamosi, 19 Julai
Vijana wamekuja! Bodaboda zimejaa uwanja wa chama, ambako Shemeji alinivutia Landrova kwa maksai wake. Nikafunga vifungo vya koti, nikasogea kuwapokea. Wakanipita kama wanapita mlingoti, moja kwa moja kwa Diwani na Mtendaji, kupiga nao picha. Shemeji akawaonyesha namna ya kufunga nira, akawapakia kwa zamu kwenye Landrova, akawazungusha uwanja mzima. Kelele za furaha hadi sokoni. Wote wakajiunga na chama.

Nikadai kiti changu. Video ni yangu! Luhende akawauliza vijana wamemfuata nani. Wakamwonyesha Nyamizi. Mtu asiye hata na baiskeli! Nikapinga kwa nguvu zote. Luhende, nyoka yule, akasema angalau chombo cha mama huyu kinaamka kila asubuhi. Wakacheka hadi wazee wangu.

Mwenyekiti ni Shemeji. Kaamua Landrova la baba litaongoza msafara Nanenane kama kawaida, likivutwa na ng'ombe, yeye mbele na fimbo. Luhende atashika usukani. Usukani wa baba yangu! Mimi nimepangiwa honi.

Jumapili, 20 Julai
Sikwenda misa, ningetamka neno baya mbele ya padri. Nimejiuzulu. Kosa nimeshaligundua: simu ni ya kizamani, na kile kichuguu kilikuwa kifupi mno. Kabla ya Nanenane naanzisha chama changu, Chama cha Magari Halisi. Kanuni ya kwanza, mnyama haruhusiwi. Kesho nakizindua laivu, watu wote waone Landrova la baba likikimbia lenyewe.

Shemeji amekubali kuniazima tena maksai. Safari hii nimetafuta kamba ndefu zaidi.