V8 Yangu Hainywi Sana

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimejifunga kamba mwenyewe, tena mbele ya wakwe.

Tulikuwa Kiganjo kwa baba mkwe, Mzee Gatimu. Figo zake zimechoka. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima apelekwe kliniki moja karibu na Kutus akasafishwe damu, maana huko ndiko alikopata nafasi ya mashine. Tangu Mei anayempeleka ni Theuri, mwanyumba wangu, aliyeoa Tabby, mdogo wa mke wangu Wacera. Theuri alikuwa mwalimu wa hesabu. Yeye amestaafu, hesabu hazijastaafu. Gari lake ni kale kadogo ka lita moja. Ukiingia, magoti yanakisalimia kidevu.

Katikati ya chakula akasema, bila kuulizwa, kwamba gari lake linaenda kilomita kumi na saba kwa lita moja. Wanawake wakamsifu. Ati kumi na saba! Mimi niko na V8, injini ya lita nne nukta sita. Likipita Ruring'u watu husimama kuangalia ni mheshimiwa gani. Na hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Nikasimama. Nikasema injini ndogo mlimani hujikaza kama punda mwenye mzigo, na anayejikaza hunywa sana. Injini kubwa haijikazi. Ukiiendesha kwa akili, V8 hainywi sana. Yangu inafika kumi. Nikaongeza kwamba magoti ya Baba yameteseka vya kutosha, na kuanzia kesho nitampeleka mimi.

Tabby akachekea kwenye supu. Theuri akasema kwa upole (upole wake ndio unaoniua) kwamba kujua ni rahisi: jaza tangi hadi mdomoni, nenda, rudi, jaza tena pampu ile ile, gawanya kilomita kwa lita. Nikasema sawa, ana haki ya kushangaa.

Tukirudi nyumbani, Wacera aliketi kiti cha nyuma.

Kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: sijawahi kuona zaidi ya sita.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi ya baridi kali. Katunge wa pampu alijaza hadi mdomoni. Ni mama kutoka Kitui, mkono taratibu, macho makali. Baba aliketi mbele kama askofu. Nilienda sabini, sabini, sabini, nikapitwa na kila mtu, hata na lori la mawe. Mteremko wa Karatina skrini ya dashibodi ikaonyesha kumi na nne! Nikapiga picha haraka na kumtumia Theuri. Akajibu kwa neno moja: "Risiti?"

Kwenda ni kuteremka. Kurudi ni kupanda. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jioni Katunge akajaza tena. Kilomita 132. Lita 27. Nne nukta tisa. Nikamwambia agawanye tena. Akagawanya. Akaniambia hata tukigawanya kwa maombi itabaki nne nukta tisa. Nikamwomba, kama mtu na mtu, siku nyingine aache kabla tangi halijafika mdomoni. Akasema hawezi, jina lake liko kwa risiti.

Wafanyakazi wa aina hii ndio wanarudisha nchi nyuma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua! Tatizo si injini, ni uzito. Nimetoa viti vya nyuma kabisa, tairi la spea, jeki, sanduku la spana, mkeka, hata Biblia ya dashibodi (nikairudisha). Nimejaza matairi upepo mpaka yakawa magumu kama mawe ya kusagia. Wacera aliuliza kwa nini viti vya gari viko sebuleni. Nikamwambia ni vya wageni. Akauliza wageni gani, nani anatutembelea siku hizi.

Alhamisi, 7 Agosti

Hita nimeizima. Hita ni moto, na moto unatoka kwa mafuta, kila mtu anajua. Nilimfunga Baba blanketi. Kutoka Sagana nilijibanza nyuma ya lori la saruji ili linikingie upepo. Moshi wake wote ukaingia kwetu. Baba alikohoa hadi Kutus.

Kurudi ndiko kulikuwa kubaya. Akitoka kwa mashine huwa anasikia baridi ya ndani kabisa. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Matairi nayo yalikuwa yanaturusha. Karibu na Karatina akatapika kwa mfuko aliokuwa ameubeba mwenyewe. Kwa hiyo alijua atauhitaji.

Lita 25. Tano nukta tatu! Nimepanda! Nilimwonyesha Katunge risiti kama mtoto aliyefaulu mtihani. Yeye alikuwa anamwangalia Baba kupitia kioo. Akauliza kwa nini mzee wangu ni wa rangi hiyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Theuri alikuja. Hakuketi. Baba hakunishtaki, ni Tabby aliyemkuta Alhamisi jioni chini ya blanketi tatu. Theuri akanieleza, taratibu, kama darasa la sita, kwamba joto la hita ni lile ambalo injini inalitupa nje hata hivyo. Halili mafuta. "Ngatia, ulikuwa unamnyima mzee kitu ya bure," akasema. Akaniomba amchukue tena Jumatatu.

Nilikataa. Nikamwambia tumeshaelewana na Baba, na hita nitaiwasha.

Alipoondoka niliketi kwenye kile kiti cha gari sebuleni. Sikujisikia vizuri. Nikala kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Hita wazi, tena ya juu kabisa. Baba alilala njia nzima. Mvua, matope, foleni ya watu wa kuchimba barabara. Nne nukta saba. Kwa hiyo Theuri alinidanganya kuhusu hita.

Lakini nimefikiria kitu ambacho hata yeye hajawahi kukifikiria. Mafuta yenyewe ni mzigo! Tangi langu likijaa ni kama nimebeba mtu mzima asiyelipa nauli. Alhamisi nitatoka na kidogo tu, nijaze Kutus. Gari litakuwa jepesi kama karatasi.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kabla sijavua koti.

Nilitoka na lita kumi na mbili. Skrini ikasema zinatosha kilomita mia moja na kumi. Kliniki iko sitini na sita. Hata mtoto angeondoka.

Siku ya soko Karatina. Tulisimama nusu saa kati ya magunia ya kabichi, injini ikinguruma mahali pamoja. Sikuizima kwa sababu ya hita, kwa sababu ya Baba. Mtu akinihukumu aandike na hilo.

Kilomita nane kabla ya kufika, gari likakohoa mara mbili na kunyamaza. Skrini ilikuwa inasema bado kilomita thelathini na moja.

Baba akafungua macho.

"Imeisha mafuta," akasema.

"Hapana, Baba. Hapa inasema tuko nayo."

"Ngatia, mimi nimeendesha trakta miaka kumi na nane. Imeisha mafuta."

Sikumwamini. Ndiyo, nimeandika. Niliamini skrini. Nilifungua boneti, nikagusa betri, nikagusa plagi, nikapuliza fyuzi moja moja. Saa nzima! Vijana wa pikipiki walipita, mmoja akauliza kama nataka aniletee petroli, nikamwambia shida ni ya umeme.

Niliporudi ndani hita ilikuwa imepoa. Miguu ya Baba ilikuwa imevimba hadi viatu havifungiki. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda kilima, na yeye ameketi.

"Hii gari ulinunua ya nini?" akauliza.

"Ya familia, Baba."

"Familia gani? Ni nyinyi wawili na Wendy."

Nikamwambia angalau huku magoti yake yana nafasi.

"Mimi sijawahi kulia na magoti," akasema. "Ile ya Theuri ni ndogo, inashika joto haraka. Nilikuwa nalala humo kama kifaranga."

"Sasa Baba, mbona hukusema siku ile?"

Alitafuta pumzi kwanza.

"Ulikuwa umesimama mbele ya watu. Mtu mzima akishasimama mbele ya watu, utamkalisha namna gani?"

Ndipo nikasimamisha pikipiki. Nusu saa nyingine. Lita tano kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Gari liliwaka papo hapo.

Tulifika tumechelewa saa mbili. Mashine ilikuwa na mtu mwingine anayefuata. Muuguzi alifanya alivyoweza: akampa saa mbili badala ya nne. Walikuwa wamepiga simu kwa namba iliyo kwenye faili, na hiyo ni ya Theuri. Tulipotoka nilimkuta mlangoni, ameshafika kutoka Nyeri. Hakunigombeza. Alimpeleka Baba nyumbani kwa kale kagari. Nikafuata nyuma yao. Kupitia kioo niliona kichwa cha Baba kimelala begani, joto limemshika.

Nilijaza Kutus, si kwa Katunge. Sikutaka kugawanya.

Jumamosi, 16 Agosti

Baba amelazwa Nyeri. Maji yamejaa mapafuni. Wacera yuko huko tangu jana. Nilienda na uji kwenye chupa. Tabby akaupokea mlangoni, akasema ahsante Baba Wendy, akafunga mlango polepole.

Nimerudisha viti vya gari mahali pake. Wacera hayupo kuona.

Jumapili, 17 Agosti

Waliniruhusu dakika kumi. Ana kinyago cha hewa. Nilimshika mkono, nikataka kumwambia. Nikamwambia nje kumepambazuka vizuri, mlima umetoka wote, hadi theluji. Akafinya kidole changu. Pengine alikuwa anataka niondoke.

Jumatatu, 18 Agosti

Simu ilikuja tukinywa chai. Wacera aliiweka mezani, akaendelea kukoroga sukari. Alikoroga, akakoroga. Nikamshika mkono ili aache.

Baba ameenda.

Jumatano, 20 Agosti

Mkutano wa mazishi, Kiganjo. Theuri ni mwenyekiti. Tabby ni wa chakula. Mimi nimepewa viti vya plastiki na hema. Hakuna aliyesema kitu kuhusu Alhamisi. Hata mmoja! Wananipitishia chai kwa mikono miwili kama mgeni. Ningependa kutukanwa kidogo.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumemzika. Ukungu hadi saa sita, kisha jua la ghafla, watu wakavua makoti kaburini.

Nilikuwa nimeliosha gari na kufungua milango yote ili wanaotoka kanisani wapande. Wamama walilitazama, wakapanda basi la kanisa. Kale ka Theuri kalijaa watu sita. Mimi niliendesha peke yangu, viti saba vitupu.

Baada ya udongo nilimwita Theuri pembeni, kwenye ua wa chai. Nikamwambia yeye ni mtu wa hesabu. Baba alikosa saa mbili za mashine. Aniambie basi. Katika kifo hiki, sehemu yangu ni ngapi?

Aliangalia viatu vyake, vimejaa udongo mwekundu.

"Daktari alisema moyo ilikuwa imechoka tangu mwaka jana," akasema. "Wacha hiyo, Ngatia."

"Gawanya tu. Wewe hugawanya kila kitu."

"Hii siwezi," akasema, akaniwekea mkono begani. Mkono mwepesi, wa mtu mwenye huruma. Angenipiga kofi ningelala usingizi leo.

Jumanne, 26 Agosti

Sijatoka. Gari limefunikwa. Nimeandika kwa karatasi: Ngatia, uza hili gari. Nikatia sahihi. Wacera aliisoma akifagia, akaiweka chini ya redio isipeperuke. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alinipakulia mwenyewe.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeuza! Kwa kweli nimebadilisha, lakini kubadilisha ni kuuza.

Nilienda Murang'a kwa yule dalali wa magari aliyeniuzia V8, moyo safi, nikiwa nataka kitu kidogo cha mtu aliyejifunza. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema kosa langu halikuwa kununua injini kubwa, bali kununua injini ambayo haijawa kubwa vya kutosha. Nne nukta sita ni katikati. Milima ya huku inaitesa, inajikaza, na anayejikaza hunywa. Nilishtuka! Ni maneno yangu mwenyewe, na hatujawahi kuyazungumza. Akanionyesha moja ya lita tano nukta saba. Nyeusi. Imetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Anasema inafika kumi na mbili, na macho yake hayakupepesa.

Nilirudi nayo polepole, madirisha wazi. Sikuangalia geji ya mafuta hata mara moja. Hiyo ndiyo siri, nadhani. Kuangalia sana ndiko kunakoharibu.

Wacera alikuwa anaanika nguo. Alilizunguka gari mara moja, kamba ya vibanio mkononi. Nikamweleza kwamba nimelichukua kwa heshima ya Baba. Akaniuliza swali moja tu, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa.

"Baba Wendy, nani mwingine ni mgonjwa?"

Nikamwambia shangazi yake Njoki ana presha, na kliniki yake iko Nanyuki. Nimeshampigia. Jumatatu asubuhi namchukua. Ni kilomita sitini tu, na barabara ya huko ni tambarare, ukiipigia hesabu vizuri.