Wasikilizaji Hamsini wa Bwana Hakika

Bwana Hakika alikuwa akipita nje ya ukumbi wa kanisa aliposikia watu wakizozana ndani, akasimama. Ugomvi wa watu kwake ulikuwa kama harufu ya chakula. Viatu vyake viling'aa, na kwapani alibana bahasha ya kaki isiyo na kitu ndani, maana mwenye bahasha haulizwi anakwenda wapi.

"Sisi wazee hatuna vita na gitaa," mwenyekiti wa wazee alikuwa akisema karibu na dirisha. "Tunauliza tu, huu muziki wa roki unamjenga nani? Albamu imetoka mwezi mzima sasa. Wasikilizaji wamesemaje? Leteni maoni yao kwa maandishi Jumapili. Yasipokuwepo, magitaa yarudi stoo, na chumba cha mazoezi tuwape kwaya."

Wakatoka mama na mwanawe. Mwana ndiye kiongozi wa bendi, Ngao ya Asubuhi, jitu zima lenye vidole virefu, kichwa kimeinama kama anatafuta sarafu. Mama ni fundi cherehani, futi shingoni, pini zimejipanga kwenye kola.

"CD mia mbili tumegawa, mama. Hakuna aliyesema neno. Hata tusi!"

"Utakula kwanza, halafu tutafikiri."

Bwana Hakika akajiweka njiani mwao kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Natoka Ofisi ya Kukusanya Maoni ya Wasikilizaji."

Ofisi hiyo haikuwepo. Hata yeye ndiyo kwanza anaisikia.

"Wasikilizaji mnao, mama. Ila mtu akishafurahi hakumbuki kuandika, lazima afuatwe nyumbani. Hakika kabisa, Jumamosi utakuwa na maoni hamsini, yamesainiwa."

Maneno yalimtoka mfululizo mpaka wakafika chumbani kwa mama. Akaulizwa malipo. Akakohoa, akasema kazi ya Mungu haina bei, ila wakusanyaji wake wana matumbo. Mama akasema pesa yote imeliwa na studio. Hapo jicho la Bwana Hakika likatua dirishani, kwenye cherehani jeusi lenye maua ya dhahabu, yaliyofutika pale tu mkono wa mama ulipolalia miaka ishirini.

Mama akalifuata lile jicho.

"Mama, hapana," mwana akasema. "Utashonea nini?"

"Vidole ninavyo. Wewe ukirudisha hilo gitaa stoo utakuwa mtu wa kukaa kitandani unatazama dari, ninakujua." Akamgeukia mgeni. "Lichukue. Lakini niandikie kwamba umelipokea."

Bwana Hakika akaandika, na sahihi yake ikazunguka karatasi mara mbili.

Ijumaa alijaza maoni kwenye meza ya dada yake mkubwa, mfua mashuka wa hospitali, ambaye alimpa pa kulala na hakumpa heshima. Wengine aliwaandikia kwa mkono wa kulia, wengine wa kushoto. Vikongwe aliwaandikia kalamu ikiwa kati ya meno, ili herufi zitetemeke.

"Hiyo albamu umeisikiliza?" dada akauliza.

"Mtabiri wa mvua lazima alowe?"

"Ipo siku utalowa wewe."

Alichofanya ni kusoma majina ya nyimbo nyuma ya jalada. Zilikuwa nane, na la mwisho, *Jiwe Limeimba*, likampendeza. Basi mmoja akaandika: "Mimi ni muuguzi. Wimbo wa nane ulipoanza, niliangusha trei." Mwingine: "Mimi ni fundi bomba. Zile ngoma zilinitisha, wimbo wa nane ukanituliza." Na wa tatu: "Mimi ni mjane. Nilipiga wimbo wa nane mpaka jirani akagonga ukuta, kumbe anaomba niongeze sauti." Hapo Bwana Hakika mwenyewe alifuta chozi.

Jumapili wazee wakasoma. Walisoma kwa zamu, miwani ikipokezanwa, na walipomaliza mwenyekiti akasimama, akashika kifua.

"Nikiri jambo. Hata mimi, wimbo wa nane umenigusa."

Kiongozi wa bendi akafungua kinywa kutaka kusema kitu. Mama yake akamkanyaga kidole cha mguu, akakifunga. Chumba cha mazoezi kikabaki kwa bendi, wapiga ngoma wakarukaruka. Mama hakuruka. Alizichukua zile karatasi, akazisoma upya, kidole kikitambaa chini ya kila mstari, kisha akamtazama Bwana Hakika akatabasamu.

"Ahsante, mwanangu. Una wasikilizaji wazuri sana."

Jumatatu kinyozi akamshika mkono barabarani.

"Wewe si yule bwana wa maoni? CD ya Ngao ya Asubuhi inapatikana wapi? Wateja hawanipi nafasi ya kupumua!"

Jumanne muuza magazeti akamwita kwa mluzi, akamuuliza hilohilo. Jumatano mama mwenye duka la simu akatoka hadi mlangoni. "Kaka, huo wimbo wa nane unaoliza watu, ziko wapi CD zake? Au ni za wakubwa tu?"

Cherehani lilikuwa bado kwa dada yake, chini ya shuka, likimngoja mnunuzi. Bwana Hakika akaliangalia, likaonekana dogo ghafla. Akajiambia: kumbe niliandika kweli bila kujua! Na chozi lile lilinitoka bure?

Alhamisi akamkuta mama anashona kola kwa mkono, vidole vimefungwa vitambaa.

"Mama, CD zimebaki kiasi gani?"

"Maboksi manne. Lakini kuna mtu ameziulizia, atakuja Jumamosi."

"Mtu gani?"

"Simjui jina. Ana gari."

Neno gari likamchoma. "Nazichukua zote leo, mama! Kwani mimi si mwanao?"

Mama akavuta pumzi ndefu. "Unaniweka pabaya. Haya, pesa yako sitaki. Nirudishie cherehani langu, ubebe maboksi yote."

Akakohoa kuficha furaha. Cherehani likaja kwa mkokoteni. Mama hakuamini mtu, akalitia uzi, akashona mstari mmoja kwenye kitambaa kibovu, akaukagua kwenye mwanga. Kisha akamwandikisha: nimepokea maboksi manne, hakuna kurudishiana.

Mkokoteni ukaenda moja kwa moja kwa kinyozi.

"Mimi? Niliuliza zinapatikana wapi," kinyozi akasema. "Sasa nimejua, zinapatikana kwako. Ahsante."

Muuza magazeti akajificha nyuma ya gazeti, mabega yanatikisika. Mama wa duka la simu alikuwa na gauni lililomkaa vizuri mno.

"Fundi wangu aliniomba niulize, nikauliza. Kuuliza nako kuna kosa?"

"Basi ipige hapo dukani, watu wausikie wimbo wa nane!"

Akaipiga. Ngoma zililia kama mabati yanayoshushwa lorini. Wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Kisha kimya. Bwana Hakika akabonyeza, akapuliza, akaifuta CD kwenye shati. Kimya.

Alirudi kwa mama akikimbia. "Mama! Wimbo wa nane haumo!"

Mama hakuondoa mguu kwenye kanyagio. "Haumo. Saa za studio ziliisha kabla haujarekodiwa, na jalada lilikuwa limeshachapwa. Niliposoma watu hamsini wanausifu, nikajua wote wana mkono mmoja."

"Lakini mwenyekiti..."

"Mwenyekiti naye hajasikiliza. Nenda kamwambie, mwanangu. Usisahau kumweleza umejuaje."

Bwana Hakika akarudi kwenye mkokoteni wake.

Wiki iliyofuata alikaa pembeni mwa barabara na maboksi yake manne na redio ya dada yake, na kwa kukosa la kufanya akaisikiliza albamu tangu mwanzo. Akairudia. Hatimaye mpita njia mmoja akasimama, akaigeuza CD mkononi.

"Wewe mwenyewe umeisikiliza?"

"Mara nne," Bwana Hakika akasema. "Nyimbo ni saba, wa nane haumo. Ngoma zimezidi. Lakini huo wa tatu, ndugu yangu, wa tatu ni mzuri kweli. Sijui kwa nini, ila nikiusikia nanyamaza."

Mpita njia akamtazama kutoka viatuni mpaka kichwani, akacheka.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, akairudisha CD boksini, akaenda zake.