Kamati ya Utayari wa Marekani

Ilitangazwa kanisani Kensington, huku kusini mwa Afrika, baada ya sadaka na kabla ya chai, kwamba kuanzia sasa hakuna muumini atakayehamia Marekani bila Cheti cha Utayari. Asiye na cheti hatapewa barua ya utambulisho ya kanisa, na bila barua faili la safari halikamiliki. Makofi yakapigwa. Watu walitaka chai.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Bwana Sidney, naibu msimamizi wa ghala moja huko Midrand, na mtu pekee kati yao aliyewahi kukaa Marekani: miezi sita, mwaka 2014, kozi ya uongozi, Ohio. Kwaya ilimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Mkewe, Mama Kerubo, alifunga kula kila Ijumaa mpaka aliporudi.

Mtaala ulikuwa sanduku la magazeti ya mji mdogo wa Ohio, ya mwaka 1956, ambalo Sidney alilipata vyombo vya ajuza mmoja Mmarekani vilipouzwa mnadani. Humo Marekani yote ilikuwa wazi. Bwana na Bibi fulani wametembelewa Jumapili na shemeji yao, wamekula pai ya tufaha. Bibi mwingine amepona mafua. Kurasa kwa kurasa. Kamati ikahitimisha, kitaalamu kabisa, kwamba Marekani ni nchi ambayo mtu haruhusiwi kula pai bila kuliarifu gazeti.

Murielle, msusi kutoka Bukavu, alikuwa na mume Ohio anayemsubiri mwaka wa nne sasa. Mahojiano yake ya visa yalikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mtihani alishaufeli mara moja.

"Swali la pili," Sidney alisema. "Shemeji yako amekutembelea. Umefanya nini?"

"Nimemupikia, Président."

"Na gazeti?"

"Gazeti ya nini? Shemeji mwenyewe iko na njaa!"

"Umefeli, madam."

"Eish! Bwana yangu iko kule miaka ine, hajaniambia hata siku moja hiyo mambo."

"Basi naye hana cheti," Sidney alisema kwa huruma. "Tutamwandikia."

Akampa nafasi ya mwisho, kwa vitendo: Jumapili alete ukurasa mzima wa habari za majirani. Ziwe za kweli. Zitaje jina, mahali na chakula. Na zibandikwe ubaoni kabla ya ibada. Habari iliyochelewa ni sifuri.

Kumpa msusi kazi ya kukusanya habari ni kumtuma paka buchani. Murielle hakutoka hata mlangoni. Habari zilikuja zenyewe, zikakaa kwenye kiti, zikaomba rasta. Jumamosi kaka yake Pitchou, kinyozi wa Diepsloot, mtaa wa mabanda mwendo wa teksi tu kutoka hapo, alikuja kula, akaona picha ya Kamati kwenye simu ya dada yake, akacheka mpaka akapaliwa na tonge la bukari.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Sidney alijifungia na Murielle ofisini, akashika kalamu nyekundu, akasoma ukurasa wake.

"'Bibi Victoire amepona jino. Alikula uji.' Safi. 'Bwana Gaston alimtembelea shemeji yake Midrand. Walikula kuku.' Kimarekani kabisa!" Akaendelea. "'Mwaka 2014 Bwana Sidney, akiwa Ohio, alinyolewa kila Jumamosi na Pitchou wa Diepsloot, jirani na kiduka cha spaza alikokuwa akilala. Alikula mkate na achari.'"

Kalamu ikasimama.

"Visa ilikataliwa asubuhi ileile ya safari," alisema polepole. "Na kwaya ilikuwa imeshapanda basi."

"Pole sana, Président. Nimepita?"

Muhuri haukuwahi kugongwa kwa kasi ile tangu Kamati iundwe. Cheti, paa. Barua, paa. Saini mbili, moja ya akiba.

"Asilimia mia, madam. Sasa hii karatasi tuichane."

"Chana tu, hiyo ni kopi." Murielle alikunja barua yake akaitia kifuani. "Si ulisema yenye kuchelewa ni sifuri? Ingine nilibandika saa moja ya asubuhi."

Nje, kwenye ubao wa matangazo, watu walikuwa wamesongamana. Kisha ikaja sauti ya Mama Kerubo, tamu kama asali.

"Baba Kerubo! Hebu kuja unisomee hapa, nimesahau miwani."

Murielle akachungulia dirishani. Miwani ilikuwa puani.